Shemeji anatupeleka mgahawa wa Kihabeshi, na mama mkwe yumo. Tunakaaje?

Mvuvi wa Nchi Kavu (Gungu, Kigoma):

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi ujao tunateremka Dar ukoo mzima, mdogo wake mke wangu anaolewa. Treni hadi Dodoma, pale tunapanda ile ya umeme. Hilo halinisumbui. Anayenisumbua ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ofisi yao ilimpeleka Addis Ababa kikazi, tangu arudi simu haikatwi bila kutaja injera, mkate wao bapa. Sasa ametangaza kwamba Jumatano kabla ya harusi anatutoa wote chakula cha usiku kwenye mgahawa wa Kihabeshi, na bili ni juu yake. Kwenye msafara mama mkwe yumo.

Wanaotoka huku kwetu wameshanielewa. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana, yaani tangu nioe hatujawahi kutia mkono chombo kimoja. Nikienda kwake napakuliwa barazani, yeye anakula ndani. Tukikutana njiani ananipisha, na mimi nampisha, mwisho wote tuko majanini na njia haina mtu. Leo naambiwa kule chakula chote kinapakuliwa juu ya sinia moja, mnalizunguka, mnatia mikono, halafu mtu anakufinyangia tonge na kukutia mdomoni mwenyewe. Nilipomuuliza shemeji nani atamlisha nani, akacheka akakata simu.

Sasa nauliza. Hilo la kulishana ni lazima? Ukikataa ni dharau? Na ni kweli wanakula nyama mbichi? Mama mkwe ni mtu wa swala tano, na pilipili hata ya kunusa hataki, sijui ataambulia nini pale. Mimi mwenyewe nimekulia ugali wa muhogo na mgebuka, sitaki kutoka mgahawani nikatafute chipsi mayai barabarani.

Naomba kuwasilisha.

Kipusa wa Bangwe:

"Wote tuko majanini" 😂😂 Kaka, mimi ushauri wangu mmoja tu: shati jeupe acha Gungu. Ule mchuzi mwekundu ukidondoka, sabuni inasalimu amri.

Mzee wa Isevya (Tabora):

Kijana, hofu ya nini? Umealikwa, nenda ukale.

Agiza nyama. Watakuja watu hapa wakwambie kula dengu, usiwasikilize. Mtu asafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli akale dengu? Kuna tibs, nyama iliyokatwa vipande ikakaangwa na vitunguu na pilipili za kijani. Kuna doro wat, kuku wa mchuzi mzito mwekundu na mayai ya kuchemsha ndani yake. Ukiwa na moyo wa kiume, kitfo, hiyo ndiyo mbichi uliyosikia: nyama ya ng'ombe inasagwa laini, inachanganywa na samli ya viungo na pilipili inayoitwa mitmita, basi, inakuja mezani. Nimeila na niko hai.

Na kama kuna tej, ule mvinyo wao wa asali, onja. Unaletwa kwenye kichupa cha kioo chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Sisi wa Tabora kwenye asali hatudanganywi, wanzuki tunaujua, lakini wao wanatia majani ya gesho, ndiyo maana kuna uchungu fulani nyuma ya utamu. Mama mkwe mpeni soda.

Bi Kibirizi:

Mwanangu Mvuvi, salaam. Mzee wa Isevya nakuheshimu, ila kwa siku yenyewe ya Jumatano umempoteza mtoto wa watu. Nakuja kwako.

Mimi nilifanya kazi jikoni kwa Wahabeshi Dar kabla ya kurudi nyumbani. Sasa nina banda langu la chakula huku mwaloni. Watu wa mashirika wanaokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakipita Kigoma, wengine wao Wahabeshi, hunipigia simu mapema niwawekee injera. Kwa hiyo mkono haujasahau.

Tuanze na mkweo maana ndiye anayekunyima usingizi. Shemeji yako akipiga simu kuweka nafasi aseme anataka masinia mawili, la kina mama na la kina baba. Hakuna atakayeshangaa. Watu wasiokula pamoja wanakuja kila siku, na mhudumu anaona kwenye sura zenu hata kabla hamjakaa. Aseme pia kuna mtu mzima. Meza yao ya asili ni mesob, kikapu kirefu cha kusukwa chenye kifuniko cha kuchongoka, na viti vyake ni vifupi. Mtu wa magoti akikaa pale, kuinuka ni kazi ya watu wawili. Ombeni meza ya kawaida.

Kulishana kunaitwa gursha. Si kila mtu anamlisha kila mtu. Mwenyeji anamlisha mgeni wake, mkubwa anamlisha mdogo, mume na mke wanalishana, na tonge likiwa kubwa ndiyo mapenzi yenyewe. Kukataa ni kumvunja mtu moyo, hilo usifanye. Lakini mama mkwe hawezi kukulisha wewe akiwa sinia la pili, na wewe humlishi. Amlishe bintiye, picha ipigwe, yamekwisha. Shemeji akikunyooshea la kwako fungua mdomo vizuri na usimng'ate vidole.

Mengine ya mkono unayajua tayari. Mnanawa kabla, mahali pengine mhudumu anazunguka na birika na beseni, waanze wazee. Mkono wa kulia. Unachana kipande cha injera, unakibana nacho mchuzi, kinakwenda mdomoni, vidole havigusi ulimi. Unakula upande wako. Ukiona yai liko upande wa shemeji, subiri alisogeze.

Sasa injera. Ni unga wa teff, punje zake ni ndogo kuliko za ulezi. Unakorogwa na maji, unatiwa kimiminika cha chachu kilichobaki kwenye unga wa juzi, unaachwa siku mbili tatu mpaka uchachuke. Ethiopia ilizuia teff isiuzwe nje mwaka 2006 na baadaye ikalegeza kidogo tu, ndiyo maana migahawa mingi ya nje huchanganya na mtama, ngano au mchele. Mimi huku natumia mtama mweupe na ngano kidogo, na wenyewe wanakula wakanyamaza.

Kazi iko kwenye kumimina. Sahani yake, mitad, ni pana kuliko viganja vyako viwili ukivitandaza; ya asili ni ya udongo, Dar tulikuwa na ya umeme. Unamimina kwa kuzungusha, unaanzia ukingoni unaingia katikati, bila kusita, ukisita panakuwa na kovu nene. Halafu unasubiri na kutazama. Unga unabadilika rangi pembeni, kisha vitundu vinaanza kufumbuka kimoja kimoja, hapa, pale, ghafla sahani nzima. Hapo ndipo unafunika. Haigeuzwi, mvuke unamaliza upande wa juu. Unaitoa kwa ungo bapa wa majani unaouchomeka chini yake, maana ukiishika kwa mkono inachanika. Ukiitazama unasema hii ni chila iliyokuwa kubwa, ila haina utamu, ni chachu. Tonge la kwanza mama mkwe atakunja uso. La tatu hatakumbuka kwamba alikunja.

Na sasa Mzee wa Isevya. Wahabeshi wa Kanisa la Orthodoksi wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, isipokuwa siku hamsini baada ya Pasaka. Kwaresima yao peke yake ni siku 55. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, mayai, samli, kila kilichotoka kwa mnyama. Kwa hiyo Jumatano jiko zima limeelekea huko. Unaagiza beyaynetu ya mfungo: injera moja imetandazwa, juu yake mafungu mafungu. Misir, dengu nyekundu kwenye mchuzi mwekundu. Shiro, unga wa dengu na viungo uliopikwa ukawa mzito, mahali pengine unakuja bado unatokota kwenye chungu chake. Kik alicha, njegere kavu za manjano zilizopasuliwa, zimepikwa na binzari bila pilipili kabisa. Kabichi na karoti na viazi, nazo hazina pilipili. Gomen, majani ya jamii ya sukuma. Bitiruti. Mkweo anaanzia kwenye alicha na kabichi, na hapo hapo ameshiba.

Mtu akiniuliza mgahawa fulani wa Kihabeshi unapika au haupiki, mimi simwambii aonje kitfo. Samli ile ya viungo, kila kitu ukikitia kinanukia. Nyama nayo ina utamu wake iliozaliwa nao. Siku ya mfungo mpishi hana pa kujificha, ana vitunguu, viungo, mafuta ya alizeti na mikono yake.

Vitunguu ndivyo vinavyomsema. Vinakatwa vidogo kabisa, vingi, unadhani ni vya harusi. Sufuria kavu. Hakuna mafuta, moto mdogo, unakoroga. Vinatoa maji, maji yanakauka, vinaanza kushika chini, unadondosha maji kidogo, unabandua, unakoroga tena. Saa nzima, na kwa doro wat zaidi ya saa. Nilikuwa nakoroga nimesimama na kanga nimejifunga kichwani, jasho na machozi hayajulikani lipi ni lipi. Vikishakuwa rojo la kahawia lisilo na kipande, ndipo mafuta, ndipo berbere, ule mchanganyiko wa pilipili, tangawizi, vitunguu saumu, iliki ya kwao, uwatu, habasoda na wenzake. Mpishi mvivu anawahisha mafuta. Utamkamata hapo hapo: vitunguu vinaonekana vinaogelea, na pilipili inauma peke yake pembeni, haijashikana na kitu.

La halali. Nguruwe usimwogope, Waorthodoksi wa kule hawamli. Kwao Ethiopia Waislamu na Wakristo kila mmoja na bucha lake. Sisi Dar tulinunua bucha za mjini kama watu wote. Shemeji aulize kwenye simu, hakuna aibu. Lakini mkila sinia la mfungo hamna nyama ya kuulizia, unaona nilivyokuwa nakupeleka? Kitu cha kuepuka ni tej ya mzee, basi. Na mama mkwe akianza kusitasita mwambieni hawa ndio watu wa Najashi, mfalme aliyewapokea masahaba walipokimbia mateso ya Makka, mnamo 615. Mama wa swala tano wa Ujiji, huna haja ya kumsimulia, atakusimulia yeye.

Mzee wa Isevya (Tabora):

Bi Kibirizi nimesoma yote, na bado nasema dengu ni dengu. Vitunguu hivyo hivyo unavyovisifu ndivyo vilivyomo kwenye doro wat, na mle kuna kuku. Kuna ubaya gani kuvipata vyote viwili?

Bi Kibirizi:

Hakuna ubaya, mzee wangu, Alhamisi. Doro wat ni chakula cha sikukuu. Kuku anakatwa vipande 12, anaoshwa kwa ndimu na chumvi mpaka maji yawe meupe, anapikwa na mtu asiye na haraka, analiwa siku ya kufungua mfungo. Ukiagiza Jumatano mgahawa wa Dar utakuletea, biashara ni biashara. Nenda katazame jikoni: sufuria za mfungo zimepikwa jioni hiyo, ya kuku ni ya jana imepashwa.

Msomi Mlalahoi:

Nilisoma Addis. Naongeza moja tu la manufaa, kwa sababu linavunja ratiba za watu. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza saa zinaanza upya, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Shemeji akiweka nafasi kwa Kiingereza na aliyepokea simu akaandika kwa saa za kwao, mnaweza kupishana saa sita. Aongee Kiswahili, aseme saa mbili usiku, hapo mmeelewana. (Kalenda yao ni habari nyingine, miezi 13 na mwaka uko nyuma ya wetu kwa saba au minane, lakini harusi yenu haihusiki.)

Kitfo, kwa anayeitaka bila ubichi: unamwambia mhudumu iwe lebleb, imepashwa kidogo tu, au iive kabisa. Hakuna atakayekucheka.

Kipusa wa Bangwe:

Na kahawa? Mbona kahawa hamjaisema? Mimi ndiyo nilienda kwa ajili yake.

Bi Kibirizi:

Nilikuwa naivuta pumzi. Kahawa muagize mapema, wakati bado mnakula, maana inaanzia mbichi. Dada anakaa kwenye kigoda, anaosha buni, anazikaanga kwenye kikaango kidogo, moshi ukianza kutoka anazunguka nao mezani kila mtu auvute kwa mkono. Ubani unafukizwa pembeni. Zinatwangwa, zinachemshwa kwenye jebena, kibuyu cha udongo cheusi chenye mdomo mwembamba, na kinachokuja nacho ni bisi. Raundi ni tatu: abol, tona, baraka, maji yanaongezwa kwenye machicha yale yale, ya tatu ni nyepesi. Kuondoka kabla ya baraka si adabu. Hesabu saa nzima.

Wewe Mvuvi, hapo ndipo pa kukaa na mkweo chumba kimoja bila mtu kupotea majanini. Vikombe ni kila mtu na chake.

Mvuvi wa Nchi Kavu (Gungu, Kigoma):

Bi Kibirizi, Mungu akuzidishie. Mama watoto nimemsomea uzi wote, amesema masinia mawili, yeye atakaa la mama yake. Shemeji nimempa maagizo, ananiita mshamba lakini amekubali kupiga simu. Mzee wa Isevya, kitfo nitaionja Alhamisi kama pesa ya shemeji itakuwa bado ipo.

Swali la mwisho. Mama mkwe ana dada zake hapa Ujiji ambao hawasafiri. Nikinunua injera kumi nikazifunga vizuri, zinafika Kigoma?

Mzee wa Isevya (Tabora):

Zikifika Tabora zishushe, usihangaike na mzigo.

Bi Kibirizi:

Hazifiki. Injera ni ya siku mbili, tatu ukiwa na bahati, na ndani ya behewa lenye joto itaota ukungu hata Tabora hujaiona. Mkilazimika kubeba za kula njiani, zifungwe kwenye kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki, zinatoa jasho zinanatana. Za wamama wa Ujiji wewe nunua unga wa shiro na berbere, hivyo vinakaa miezi. Muulize mwenye mgahawa, wengi wanauza kwa kupima. Unga wa shiro wapo wanaoutia berbere tayari na wapo wanaouacha mweupe. Kwa watu wa mkweo chukua mweupe. Halafu nipigieni siku moja kabla, injera nitazimimina mimi hapa, wazifuate zikiwa bado na moto wake.